Kundi letu limekwama sura ya tatu ya Ulysses: tufanyeje?

SWALI: Mwalimu mmoja wa fasihi ametuandikia kwamba yeye na wenzake, jumla watu kumi, waliunda kundi la kusoma riwaya ya Ulysses ya James Joyce. Walikubaliana kila mtu asome sura moja nyumbani, kisha wakutane Jumamosi kuijadili. Sura ya 1 na ya 2 walizivuka kwa shida, ya 3 ikawashinda, na sasa wamebaki wanne. Anauliza: waanze upya au waendelee walipo? Wasome kwanza vitabu vya maelezo? Waigawe vipi riwaya ndefu kiasi hiki? Na je, Kiingereza cha kawaida kinatosha?

JIBU: Mwalimu, ugumu wa Joyce ni wa kweli, lakini kilichowapunguza kutoka kumi hadi wanne ni kazi ya nyumbani. Mtu akiwa peke yake usiku na Ulysses hufika ukurasa ambao hajui hata nani anasema. Anaurudia mara mbili, anafunga kitabu, anadhani wenzake wote wameelewa isipokuwa yeye. Jumamosi anatuma udhuru. Jumamosi inayofuata udhuru unakuwa mwepesi zaidi, na ya tatu hatumi chochote. Dawa yake ni kuuleta usomaji wenyewe mkutanoni: msome pamoja, kwa sauti, na mjadala ufanyike hapo hapo maneno yakiwa bado masikioni.

Hesabu inakubali. Katika toleo lililohaririwa na Hans Walter Gabler, riwaya ina kurasa 644. Mwaka 1982 redio ya taifa ya Ireland, RTÉ, iliitangaza yote mfululizo, ikachukua karibu saa 30. Yaani kama kurasa 21 kwa saa. Mkutano wa saa mbili uwe na dakika 40 hadi 45 za kusoma: mtapata kurasa 15 hivi, na muda uliobaki ni wa mazungumzo. Kwa mwendo huo kitabu kizima kingehitaji mikutano 43. Hiyo ni mingi kwa watu wenye kazi na familia, kwa hiyo sura zinazosomeka bila taabu kubwa, na zile ndefu sana, zisomwe nusu nyumbani, nanyi mtamaliza kwa mikutano 30.

Mwendo wa mezani uwe hivi. Watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi kumi, zamu ya kusoma inachelewa kumfikia mtu na macho yanaanza kuhamia kwenye simu. Kila mmoja asome ukurasa mmoja, kisha ampishe wa kushoto kwake. Asikosolewe mtu matamshi, hata kidogo. Aliyepotea aseme "simama", na kundi lijaribu kumsaidia kwa dakika tano tu. Likishindwa, jambo hilo liandikwe kwenye ukurasa wa madeni na safari iendelee. Madeni mengi hulipwa na kitabu chenyewe sura tano au kumi mbele. Kila mnapofunga kipande, mjibu kwa Kiswahili maswali manne: nani yupo, yuko wapi, ni saa ngapi, na nini kimetokea. Msiruke swali hata moja kwa kuliona la kitoto. Makundi mengi huzungumza nusu saa nzima juu ya falsafa ya Stephen, kijana wa sura za mwanzo, huku nusu ya waliohudhuria hawajui kama kijana mwenyewe ameketi au anatembea.

Sasa, waanze wapi? Anzeni upya, lakini kwa sura ya 4. Riwaya yote ni ya siku moja mjini Dublin, tarehe 16 Juni 1904. Sura ya 1 inafunguka saa 2 asubuhi katika mnara wa Sandycove anakoishi Stephen Dedalus; sura ya 4 inafunguka saa ile ile ya 2 katika nyumba namba 7, Eccles Street, kwa Leopold Bloom, mhusika mkuu. Sura ya 2 na ya 5 zote ni za saa 4, ya 3 na ya 6 za saa 5. Kwa hiyo mkisoma 4, 5 na 6, kisha mkarudi kwenye 1, 2 na 3, hamjavuruga saa ya hadithi. Mtakuwa mmejifunza mbinu za Joyce kupitia mtu anayenunua figo ya nguruwe, anayempelekea mkewe chai kitandani na anayekwenda mazikoni, kabla ya kukutana na kijana anayewaza kwa Aristotle na Thomas Aquinas. Wapo wanaoona huko ni kumharibia mwandishi mpango wake. Mimi nasema kwa usomaji wa kwanza ni bora kundi libaki hai. Mpangilio wa Joyce mtaukuta pale pale mkisoma mara ya pili.

Mbinu yenyewe ni hii. Mwanzoni mwa sura ya 4 Bloom anatoka kwenda buchani. Mlangoni anapapasa mfuko wa nyuma wa suruali kutafuta ufunguo. Msimulizi anatuambia hilo kwa sentensi ya kawaida. Mara, bila alama yoyote, tumo kichwani mwa Bloom: haupo; umo kwenye suruali niliyovua; lazima niuchukue; kiazi ninacho; kabati linalia; nisimsumbue. Kisha msimulizi anarudi: Bloom anauvuta mlango taratibu hadi uonekane kama umefungwa, anaondoka. Maneno yanayotamkwa mdomoni Joyce huyaanza kwa kistari, hatumii alama za kunukuu. Basi zipo sauti tatu tu. Kila mmoja achukue penseli, na kwa kurasa mbili za sura ya 4 aandike pembeni M kwa msimulizi, F kwa fikra, K kwa kauli. Zoezi hilo ni la dakika 20, kisha mlinganishe alama zenu. Mtakapotofautiana, bishaneni, maana hapo ndipo sikio linapoanza kufunguka. Ufunguo ule msiusahau: Bloom atarudi usiku bila huo, na katika sura ya 17 atalazimika kuruka uzio wa nyumba yake mwenyewe. Na kiazi, kwa nini mtu mzima atembee na kiazi mfukoni? Deni hilo linalipwa sura ya 15.

Mkirudi kwenye sura ya 3 na zoezi hilo mkononi, ukuta utakuwa umepungua kimo. Stephen anatembea peke yake ufukoni Sandymount, anafumba macho, anasikiliza viatu vyake vikiponda mwani na makombe. Sura hii ni karibu yote F. Kosa linaloangusha watu wengi linatokea mapema: Stephen anafikiria kwenda kwa mjomba wake Richie, na mara tunaona mlango ukigongwa, mjomba yuko kitandani, anaagiza kiti kiletwe, anaimba. Msomaji anaamini Stephen ameingia ndani ya nyumba. Hakuingia. Yote ameyawaza tu huku akitembea, na baada ya kurasa mbili hivi anagundua amekwisha ipita njia ya kwenda huko. Mkiuliza lile swali la "yuko wapi" kila baada ya nusu ukurasa, hamtanaswa. Sura ya 3 ina kurasa 12 tu, lakini itengeeni mikutano miwili.

Kuhusu nakala. Kama mnaweza, wote mtumie Gabler, kwa sababu kila sura ina namba za mistari pembeni na mtu akisema "sura ya 6, mstari wa 800" wote mnatua mahali pamoja. Mkiwa na nakala mchanganyiko, namba za kurasa hazitafanana; tajeni sura na maneno matatu ya kwanza ya aya. Matini ya bure ipo kwenye tovuti ya Project Gutenberg na inatosha kwa asiye na uwezo wa kununua. Matoleo yenyewe pia yanatofautiana maneno. Katika sura ya 3 Stephen anakumbuka simu ya maandishi iliyomwita nyumbani kutoka Paris mama yake alipokuwa mahututi. Kwa Gabler neno la kwanza ni "Nother", kosa la mpiga simu ambalo Stephen analiona kitu cha ajabu cha kuwaonyesha watu; matoleo ya zamani yana "Mother", kwa kuwa wapanga chapa walidhani Joyce ndiye aliyekosea. Vivyo hivyo mwisho wa sura ya 17: jibu la swali la mwisho ni nukta kubwa nyeusi, na katika nakala fulani haimo. Mkiona wawili wanabishana kwa dhati juu ya mstari mmoja, kwanza tazameni majalada ya vitabu vyao.

Vitabu vya maelezo vitumike, ila kwa mpaka. Kile cha Don Gifford na Robert Seidman kina maelfu ya vidokezo, mstari kwa mstari. Cha Harry Blamires, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1966, kinasimulia upya kila ukurasa kwa lugha nyepesi. Vyote ni vizuri, na vyote viwili vinaweza kuua kundi: mmoja anakuja amekariri vidokezo, anajibu kabla wengine hawajauliza, na mkutano unageuka mhadhara. Basi mtu mmoja tu ashike kitabu cha maelezo, kwa zamu, nacho kibaki kimefungwa mpaka zile dakika tano zipite. Blamires asomwe baada ya mkutano. Odyssey ya Homer, utenzi wa kale wa Kigiriki ambao Joyce aliufuata kuipanga riwaya yake, hamlazimiki kuimaliza kwanza. Muhtasari wa kurasa mbili unatosha: mwana anayemtafuta baba, baba anayehangaika njiani kurudi, mke anayengoja nyumbani. Majina ya sura kama Calypso, Hades na Circe mnayoyaona kwenye kila mwongozo hayamo kitabuni. Yanatokana na majedwali ambayo Joyce aliwapa rafiki zake, likiwemo alilompelekea Carlo Linati mwaka 1920.

Kitu kitakachowasaidia kuliko mwongozo wowote ni daftari la nyuzi. Mteueni mtunzaji mmoja. Kila kitu kidogo kinachotajwa bila maelezo akiandike pamoja na sura na mstari: kiazi, sabuni ya limau, mtu wa koti la mvua, barua ya Boylan (hawara wa mke wa Bloom), mtoto wa Bloom, Rudy, aliyefariki akiwa na siku 11. Mfano wa kwa nini: katika sura ya 5 Bantam Lyons anaomba kutazama gazeti la Bloom. Bloom anamwambia abaki nalo, alikuwa anataka kulitupa. Lyons anashtuka, anaondoka mbio. Ukurasa huo unapita kama upuuzi. Kumbe siku hiyo kuna mbio za Gold Cup kule Ascot, na mmoja wa farasi anaitwa Throwaway, yaani kitu cha kutupa. Lyons amedhani amepewa siri. Throwaway anashinda, kwa malipo ya 20 kwa 1. Kufika sura ya 12, wanaume kwenye baa ya Barney Kiernan wanaamini Bloom amevuna fedha na anakataa kuwanunulia kinywaji. Chuki yao kwa Bloom, mwenye asili ya Kiyahudi, inapata kisingizio, na mwisho anarushiwa kopo la biskuti. Bloom mwenyewe hajui lolote kuhusu farasi. Asiyeandika jambo lile la sura ya 5 ataisoma sura ya 12 bila kujua ghadhabu imetoka wapi. Na yule mtu wa koti la mvua anaonekana mazikoni katika sura ya 6. Mwandishi wa habari anasikia vibaya, analidhani koti, macintosh kwa Kiingereza, kuwa jina la mtu, na jioni gazeti linamworodhesha M'Intosh kati ya waombolezaji, huku Bloom akichapwa "Boom". Ni nani hasa, kitabu hakisemi. Hilo ni deni la kudumu, wala msipoteze mkutano mzima kwa ajili yake.

Mgawanyo ninaoupendekeza: sura za 4, 5, 6, 1 na 2, mkutano mmoja kila moja, ya 3, miwili, ya 7 na ya 8, mmoja mmoja, ya 9, miwili, ya 10, mmoja, ya 11 na ya 12, miwili kila moja, ya 13, mmoja, ya 14, miwili, ya 15, minne, ya 16, mmoja, ya 17 na ya 18, miwili kila moja. Jumla 28. Miwili iliyobaki ni ya akiba, mmoja baada ya sura ya 9 na mmoja baada ya ya 15, kulipia madeni na kuwapokea waliokosa. Zinazosomwa nusu nyumbani ni 6, 7, 8, 10, 12, 13, 15, 16 na 17. Mkianza katikati ya Novemba na kukutana kila wiki, mtamaliza karibu na tarehe 16 Juni, siku ambayo wasomaji wa Joyce huiadhimisha kwa jina la Bloomsday. Wapya wapokeeni mpaka sura ya 7. Baada ya hapo mgeni atawarudisha nyuma kila wiki.

Kuna sura zinazotaka mbinu yake peke yake. Ya 9 ni ubishi wa maktabani juu ya Shakespeare. Mtu mmoja aandae maelezo ya dakika kumi ya Hamlet, la sivyo mtaogelea gizani. Ya 10 ina vipande 19 vya watu mbalimbali mitaani kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Wagawieni watu vipande, kila mmoja achore njia ya mtu wake kwenye ramani ya Dublin. Joyce huchomeka ndani ya kipande kimoja sentensi ya jambo linalotokea mahali pengine dakika ile ile: Corny Kelleher anatema mate huku mkono mweupe ukirusha sarafu kutoka dirisha la Eccles Street, na katika kipande kinachofuata tunaona sarafu hiyo ikianguka njiani na mtoto akiiokota kumtilia kofiani baharia wa mguu mmoja. Mkono ni wa Molly, mke wa Bloom. Kazi ya kundi ni kuzinasa sentensi hizo ngeni. Ya 11 inaanza na kurasa mbili za vipande vya maneno visivyo na maana. Visomeni bila kusimama, msiulize kitu. Mkimaliza sura, rudini mvisome tena: karibu kila kipande mtakuwa mmekikuta ndani.

Sura ya 14 ndiyo ngumu kuliko zote, na hapo nawaruhusu kupunguza. Bloom yuko hospitali ya wazazi, Holles Street, kumjulia hali Mina Purefoy anayejifungua, na wanafunzi wa udaktari wanalewa ghorofa ya chini. Joyce anaisimulia kwa kuiga mitindo ya nathari ya Kiingereza tangu ya kale hadi lugha ya mtaani. Chagueni vipande vitano vya nusu ukurasa vya mitindo ya enzi tofauti, visomwe kwa sauti. Matukio yaliyobaki mwenye zamu ya maelezo awasimulie. Ya 15 ni tamthilia ya kurasa karibu 150, robo hivi ya kitabu. Gawaneni wahusika, msome kwa kuigiza, na pembeni muwe na karatasi yenye yale yanayotokea kweli: Bloom anamfuata Stephen mtaa wa madanguro, anaingia kwa Bella Cohen, Stephen anavunja taa kwa bakora, anakimbilia nje, askari anampiga ngumi, Bloom anamwinua. Mengine karibu yote ni njozi, na wahusika hawayakumbuki baadaye. Kundi lisilo na karatasi hiyo huanza kutafuta mantiki pasipo na mantiki, likachoka.

Jambo moja mlitangaze mapema. Kitabu kina ngono, choo, kejeli dhidi ya ibada na maneno makali ya chuki dhidi ya Wayahudi. Sura ya 13 ndiyo iliyowafikisha mahakamani wahariri wa jarida la Little Review mjini New York mwaka 1921, na Marekani ilikiruhusu kitabu kizima tu baada ya hukumu ya Jaji Woolsey, Desemba 1933. Katika kundi lenye wakubwa kwa wadogo, au watu wa dini mbalimbali, kila mmoja awe na haki ya kupisha zamu yake ya kusoma bila kuulizwa sababu.

Kiingereza chenu kinatosha. Kitabu kina Kilatini, Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kiairishi, na Mwingereza naye hukwama hapo hapo. Ninyi mna vitu ambavyo wasomaji wengi wa Ulaya wa leo hawana. Mkatoliki mzee anayekumbuka misa ya Kilatini ataitambua kejeli ya Buck Mulligan, anayeishi na Stephen mnarani, ukurasa wa kwanza, anapoinua bakuli la kunyolea na kutamka maneno ya padri, kabla mwenye maelezo hajafungua kitabu. Aliyepitia mafundisho ya katekisimu atajisikia nyumbani sura ya 17, iliyoandikwa yote kwa maswali na majibu. Isomeni kwa sauti mbili, mmoja akiuliza, mmoja akijibu. Bloom akifungua bomba kujaza birika, jibu linaanzia kwenye bwawa la Roundwood na kufuata mabomba hadi jikoni. Na mtu aliyekulia katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza hahitaji kuelezwa kile kisa cha sura ya 1, ambapo Mwingereza Haines anamsemesha mama muuza maziwa kwa Kiairishi, na mama, Mwairishi halisi, anauliza kama hicho ni Kifaransa. Tena aliyesoma Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, tayari anajua kukaa ndani ya riwaya isiyojieleza na kuendelea kusoma.

Sura ya 18 ni mawazo ya Molly kitandani, baada ya saa 8 usiku, kwa sentensi nane ndefu zenye nukta mbili tu: moja mwisho wa sentensi ya nne, moja mwisho wa kitabu. Sentensi nne mkutano wa kwanza, nne wa pili. Kila msomaji aipitie sehemu yake siku moja kabla na kuweka mkwaju wa penseli pale atakapovuta pumzi, kwa kuwa akipumua mahali pasipo pake maana inapinduka. Tatizo kubwa hapa ni "he": Molly anaruka kutoka kwa Bloom kwenda kwa Boylan, kwa Mulvey wa ujana wake Gibraltar, kwa Gardner, bila kutaja jina. Wasikilizaji waandike pembeni B, Y, M au G kila "he" inapobadilika, na mwisho wa kila sentensi mlinganishe. Mahali ambapo herufi zenu hazifanani, someni tena mistari ishirini ya nyuma, polepole, msomaji akiwa mwingine.